Changarawe ya Mwalimu

Watu wengine wakimkumbuka mwalimu wao wa shule ya msingi hukumbuka fimbo, au mwandiko, au namna alivyoyavuruga majina yao. Sisi tuliosoma kando ya barabara ya Rangwe tunakumbuka sikio. Sikio la kushoto. Mwalimu wetu wa Sayansi Kimu alikuwa anainama, anaziba sikio la kulia kwa kidole, na lile la kushoto analisogeza kwenye mdomo wa mtungi wako wa njano, ule wa plastiki uliokuja dukani ukiwa na mafuta ya kupikia. Halafu anakuambia, "Tikisa." Nawe unatikisa, changarawe ulizotia ndani na maji kidogo zinagonga huku na huku, kwacha, kwacha, kwacha, na darasa zima limenyamaza.

Zikilia vizuri anasema, "Pita." Zikiteleza kimyakimya, hiyo ina maana ule utelezi wa kijani bado umekaa ndani. Hapo hapandishi sauti wala hakunji uso. Anasema neno moja tu: "Rudi."

Rudi maana yake urudi bombani, uongeze changarawe, na utikise mpaka mabega yawake moto. Mimi nilirudishwa sana, yawa! Nilirudishwa mpaka akanibatiza jina la Kijani, na jina likanata. Leo mimi ni mtu mzima, nina kazi, nina mume na watoto, lakini mwalimu huyo akinipigia simu hana habari ya salamu. Anasema tu, "Kijani, uko wapi?" na mimi nasimama, hata kama nilikuwa nakula.

"Macho hayafiki ndani ya mtungi," alikuwa akitufundisha. "Mdomo wake ni mwembamba. Kwa hivyo mtasafisha kwa masikio." Na tulisafisha. Wiki ilikuwa haiishi bila ukaguzi, na tukitoka shuleni tuliwafundisha mama zetu, mama zetu wakawafundisha majirani. Hata kwenye kioski ya maji pale sokoni aliagiza changarawe zikamwagwa rundo zima karibu na bomba, ili asiwepo mtu wa kusema amezikosa. Rundo lile likaitwa changarawe ya Mwalimu. Ukipita Jumamosi asubuhi unawasikia akina mama wakitikisa kwa pamoja, wakicheka, wakisengenyana, mitungi inalia sauti moja. Ukiwa mgeni ungedhani ni ngoma.

Usicheke, kulikuwa na sababu. Kabla mimi sijafika darasa lake, kipindupindu kilipita kwetu. Alikuwa na mwanafunzi aliyekaa kiti cha dirishani, na mtoto huyo Jumatatu alikuwepo, anajibu maswali, na kabla wiki haijaisha wakamzika. Sisi tulikuta kiti kitupu. Hakikukaliwa na mtu, hata darasa likijaa mpaka tunakaa watatu dawati moja. Jina la mtoto Mwalimu hakututajia. Mzazi mmoja alipomwuliza kiti kile kinangoja nini, alimjibu kwamba hakingoji kitu, kina mtu wake.

Akawa amekata shauri. Nyumba nyingi siku hizo maji ya kunywa yalikaa kwenye nyungu ya udongo, mdomo wazi, kikombe kimoja juu yake, na kila anayeingia anachota kwa mkono aliokuja nao. Mwalimu akaona adui yuko pale. Mtungi wa plastiki ulikuwa na mdomo mdogo na kifuniko, na hakuna mkono wa mtu unaoingia humo. Basi akahubiri mtungi, na dawa ya maji, na kuchemsha, nyumba kwa nyumba, jua la saa saba likimpiga, na mwavuli wake wa maua ameukunja kwapani kwa sababu aliutumia kubishia milango. Kipindupindu kilipita tena kule ziwani miaka ya baadaye, kikagusa ufuo na visiwa, lakini kwetu hakikuingia. Sitaki mtu anifundishe vingine kuhusu hilo. Mama huyo alituokoa.

Lakini alikuwa mtu wa ajabu, na nisiposema hivyo nitakuwa namchora malaika. Alituhubiria juu ya sukari, kisha chai yake mwenyewe kijiko kilisimama ndani. Nje ya nyumba yake alikuwa na waridi halisi zilizokauka kwa kiu, na ndani juu ya kabati alikuwa na maua ya plastiki ambayo kila Jumapili aliyaosha kwa sabuni, petali moja moja. Nilipomwuliza kwa nini asizipe maji zile za nje, akaniambia, "Hao wanaomba kila siku. Hawa wanaomba mara moja kwa wiki." Alitisha walimu wenzake wote, mpaka mwalimu mkuu alikuwa anakohoa kwanza kabla ya kuingia darasani kwake. Lakini kuku wake alipoamua kutagia kwenye kikapu cha vitabu vyetu vya mazoezi, hakumfukuza. Alikuja darasani mikono mitupu akatuambia, "Vitabu vyenu havijasahihishwa. Kuna mama anavilalia."

Na jambo kubwa kuliko yote: hakuwahi kukosea. Simaanishi kwamba hakufanya makosa. Namaanisha lile neno "nilikosea" halikuwa na njia ya kutoka kinywani mwake. Kanisani aliongoza kwaya, na siku moja akaruka ubeti mzima, kwaya ikamfuata kwa hofu, mpiga kinanda akabaki nyuma peke yake. Walipomgusia baada ya ibada akasema, "Wimbo ulikuwa mrefu." Siku nyingine walikuja wakaguzi wa shule, naye akatuoshesha mikono, akatuvalisha aproni, tukaoka keki. Mkaguzi wa kwanza aliuma, akaacha kutafuna. Mwalimu alikuwa ametia chumvi mahali pa sukari. Alionja, akameza kipande chote bila kupepesa, akatugeukia. "Hii ni keki ya chumvi," akasema. "Mtaisoma kidato cha pili."

Tulifika kidato cha pili, tukamaliza, tukatoka. Keki ya chumvi hatukuisoma.

Sasa kuna mtu mmoja ambaye hakucheka na vituko hivyo, na huyo lazima nimtaje, kwa sababu bila yeye hii habari haina mwisho. Alikuwa mfinyanzi, na alikuwa ameolewa na ndugu wa mume wa Mwalimu. Kwetu wake wa ndugu huitana nyieka, mke mwenzangu, na hawa wawili waliitana hivyo kwa upendo wa kweli. Waliolewa karibu wakati mmoja, walilimiana, walishikiana watoto. Nyungu za Mfinyanzi zilijulikana mpaka Homa Bay. Siku ya soko alizipanga juu ya nyasi kavu, tumbo kubwa, shingo fupi, na maji yaliyolala humo yalikuwa baridi hadi meno yanauma.

Wakati ule wa kipindupindu, Mwalimu aliita wazazi wote langoni kwa shule awafundishe habari ya mitungi. Mfinyanzi hakujua mkutano unahusu nini. Yeye alisikia tu kwamba maji ya shule yana shida, akachagua nyungu yake nzuri kuliko zote, akaibeba kichwani kutoka nyumbani kuileta zawadi. Alitokea pale langoni Mwalimu akiwa katikati ya hotuba, akiwa amemzika mwanafunzi wake majuzi tu. Mwalimu akaiona nyungu, akanyoosha mkono kama anavyotunyooshea sisi. "Rudi," akasema.

Mbele ya watu wote. Mama yangu alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia. Mfinyanzi aligeuka. Mtu mwenye nyungu kubwa kichwani hawezi kugeuza shingo peke yake. Anageuka mwili mzima, polepole, miguu ikitafuta ardhi. Watu wakamtazama akigeuka, kisha wakamtazama akienda barabara yote mpaka kwenye kona. Tangu siku hiyo hakumwita Mwalimu nyieka tena. Alimwita Mwalimu, kama sisi wengine, kwa heshima iliyopoa kabisa. Nyungu zake zikakosa mnunuzi, naye akabaki kufinyanga udongo wa ndani wa majiko ya makaa. Nyumba zao zilikuwa zinaonana, ila njia iliyokuwa kati yao ikaota nyasi.

Mimi nilikuja kuajiriwa Migori, pale Suna, kwenye maabara ndogo ya kupima maji. Nilipompigia Mwalimu kumwambia, akasema, "Kumbe Rudi zote zile zilikuwa na kazi." Kwa miaka nilipima vijidudu, basi. Watu walileta maji ya visima, ya mto, ya matangi, na mimi nikawaambia yako sawa au chemsha.

Halafu tukaanza kuangalia plastiki ndogondogo, vipande ambavyo macho hayavioni vizuri, kwa sababu kila mahali watu walikuwa wanaviongelea. Nilikuwa natoka nyumbani Rangwe, kwa hivyo nikabeba maji ya kunywa ya mama yangu, yaliyokaa kwenye mtungi wake aliouosha kwa changarawe asubuhi hiyo. Vijidudu hakuna. Nikajisikia fahari. Kisha nikayachuja kwenye karatasi nyeupe ya maabara, nikaiweka chini ya hadubini, nikaona vinyolewa, kama maranda ya seremala. Vidogo, vimejikunja, vingi, vya njano. Nilifikiri ni uchafu wa meza. Nikaenda nyumbani tena nikachukua maji ya bomba lile lile kabla hayajaingia mtungini: karibu hakuna kitu. Nikachukua mtungi mpya uliooshwa kwa sabuni na kitambaa: vichache. Nikautikisa huo huo na changarawe, nikaumwaga, nikajaza maji safi, na njano ikajaa karatasini.

Nilikaa chini. Ile sauti yote ya Jumamosi, ule mlio aliotufundisha kuutafuta kwa sikio la kushoto, ulikuwa mlio wa plastiki ikichunwa. Kadiri ulivyolia vizuri ndivyo tulivyokunywa zaidi. Na mtu aliyetakiwa kuambiwa alikuwa ni yeye, ambaye hata keki hakuikubali. Haki ya Mungu, niliogopa kuliko siku nilipojifungua.

Nilimpigia. "Mwalimu, nina jambo."

"Sema."

"Si la kwenye simu."

"Basi nakuja."

Kesho yake alifika Suna, amestaafu zamani lakini amevaa ile suti yake ya ukaguzi, na mtungi wake mwenyewe ameukumbatia, umejaa maji. "Umesema ni jambo, na wewe unapima maji," akaniambia. "Basi jambo limo humu. Nimeutikisa leo asubuhi. Pima."

Nilipima mbele yake. Nikamwekea kiti, akainamia hadubini kwa jicho la kushoto. Kumbe hata macho alikuwa anachagua upande huo. Alitazama muda mrefu sana.

"Hii ya njano ni nini?"

"Ni mtungi, Mwalimu."

"Mtungi uko hapo mezani."

"Uko mezani, na uko kwenye maji pia."

Hakuinua kichwa. "Itawafanyia nini watoto?"

Nikamwambia ukweli, kwamba wataalamu bado wanachunguza, hakuna anayejua vizuri, si ugonjwa wa kuangusha mtu kama kipindupindu, kwa hivyo asiogope. "Sijakuuliza kama niogope," akasema. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya darasani, "Nani aliwaambia watikise?"

Nikaanza kupanga vichupa vyangu.

"Kijani, nimeuliza swali."

"Ni wewe, Mwalimu."

"Pita," akasema, na ndipo akainua kichwa, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. Sikuwahi kumwona akilia. Nilitaka kumshika mkono nikashindwa, nikampa karatasi ya kufutia meza, naye akaitumia.

Nikampeleka kwenye hoteli ya jirani, ya mzee mmoja Mwislamu anayepika chai ya tangawizi, na Mwalimu akamimina sukari yake bila kuangalia. "Unajua kinachoniogopesha?" akasema. "Nikisimama mbele ya wale mama niseme hii haikuwa sawa, kuna mmoja atasema basi na ile nyingine haikuwa sawa. Ataacha dawa ya maji. Ataacha kuchemsha. Na mimi nitakuwa nimefungulia kipindupindu mlango kwa mdomo wangu."

Nilikuwa nimelifikiria hilo, na nilikuwa na dawa yake. Nikamwambia si lazima aseme kosa ni lake. Aseme mafundisho yameboreshwa. Aseme sasa kuna mwongozo mpya. Watu wataelewa, jina lake litabaki, na dawa ya maji wataendelea kutia.

Aliweka kikombe chini. "Ndivyo mnavyosema huko maofisini?"

"Ndiyo, mara nyingi."

"Hiyo ni keki ya chumvi, Kijani," akasema. "Nami nimeshaila. Najua ladha yake."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Rangwe kumwona na kumshikilia kama ataanguka. Alikuja kwenye kioski ya maji na koleo begani. Akina mama walikuwa wanatikisa, na walipomwona wakaongeza bidii, mmoja akamletea mtungi wake asikilize. Hakuweka sikio. Alipiga koleo kwenye bomba mpaka kukatulia.

Akawaeleza. Alieleza kwa Kiswahili, akarudia kwa Dholuo ili asiwepo wa kujificha nyuma ya lugha, na karatasi yangu yenye vinyolewa vya njano ikapita mkono kwa mkono. Mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa kisiwa cha Remba, aliiweka karibu na pua, akaitazama, akautazama mtungi wake.

"Kwa hivyo, Mwalimu, tumekuwa tukinywa hii mitungi yetu?"

"Tumekunywa. Mimi kabla yenu."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha wasiwasi. Kisha yule mama wa omena akasema lile lile tulilokuwa tunaliogopa. "Basi na hii dawa ya maji tuache tu. Kama ulitupoteza kwa changarawe, nani anajua?"

Wengine wakaitikia. "Ni kweli, yawa. Nani anajua?" Mwalimu akasimama wima, kama yuko ubaoni.

"Mnakikumbuka kiti cha dirishani?" akauliza.

Wengi pale walikuwa wanafunzi wake. Walikikumbuka. Naye, kwa mara ya kwanza mbele yetu, akataja jina la yule mtoto. Alilitaja lote, la ubatizo, la kwao na la baba. Hakuna aliyecheka tena.

"Dawa ya maji haikuwa kosa," akasema. "Kuchemsha hakukuwa kosa. Kufunika maji hakukuwa kosa. Hakuna mtoto mwingine wa darasa langu aliyekufa kwa maji, na hilo mnalijua. Kosa ni changarawe, na kosa ni langu. Msichanganye. Anayetaka kuniadhibu aache kunisalimia, lakini dawa atie."

Yule mama wa omena alimtazama, kisha akaulaza mtungi wake na kumwaga changarawe zote chini. Hilo ndilo lilikuwa jibu. Mwalimu akashika koleo, akaanza kuhamisha lile rundo lake kwenda kwenye shimo la barabarani linalojaa maji mbele ya kioski, na wengine wakamsaidia kwa mabeseni. Alifundisha huku akichota: mtungi uoshwe kwa sabuni na kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, usianikwe juani, uliochakaa na kupasuka uende kwa ng'ombe, na maji ya kunywa, ukiweza, yalale kwenye nyungu yenye kifuniko na bomba chini, mkono usiingie.

"Nyungu?" mtu akaguna. "Si wewe ulizikataza?"

"Nilipaswa kukataza mikono. Nyungu niliionea."

"Na nani siku hizi anafinyanga?"

Watu wote waliangalia upande mmoja, barabarani, kwenye ile kona. Mwalimu akapangusa koleo, akaniambia, "Kijani, twende."

Njia ya kwenda kwa Mfinyanzi ilikuwa na nyasi za kufika magotini. Tulimkuta uani, amezeeka, amekaa juu ya gunia, anasawazisha udongo wa jiko kwa kidole gumba kilicholowa. Mwalimu hakuingia. Alisimama nje ya ua, mahali ambapo mgeni asiyejulikana husimama. "Hodi, nyieka," akaita.

Mfinyanzi hakuinua macho. "Karibu, Mwalimu."

"Sijaja kukaa." Waliongea Dholuo, na mimi nayaandika kama nilivyoyasikia. "Siku ile langoni kwa shule, ulikuja na nyungu, nikakurudisha. Ugonjwa ulikuwa kwenye mikono yetu. Nyungu yako haikuwa na hatia, na wewe hukuwa na hatia, na nilikuaibisha mbele ya watu. Nilikosea."

Neno lenyewe. Nililingoja tangu utotoni, nikidhani siku likitoka nitafurahi. Badala yake niliinama nikatazama nyasi.

"Nilikosea, nyieka," akarudia, kana kwamba sasa amejua njia. "Na nimekuja kukuomba. Nataka nyungu, yenye kifuniko, na tundu la bomba chini. Nikiiweka sebuleni kwangu watu watakuja kuiona, halafu watakuja kwako."

Mfinyanzi alimaliza kusawazisha ukingo wa lile jiko. Akachovya mikono kwenye bakuli, akaisugua, akaipangusa kwenye leso yake, kidole kwa kidole. Kisha akamtazama Mwalimu machoni.

"Rudi," akasema.

Mwalimu hakubisha. Aliinamisha kichwa, na akageuka, polepole, mwili mzima, miguu ikitafuta ardhi. Mimi nilitaka kusema kitu, nilitaka kumpigia Mfinyanzi kelele, lakini Mwalimu alinikata kwa jicho moja. Tukaanza kurudi kwenye zile nyasi.

Tulikuwa tumefika katikati ya njia.

"Nyieka!"

Mwalimu akasimama, lakini hakugeuka.

"Rudi mwezi ujao," Mfinyanzi akasema kutoka kwenye gunia lake. "Huu ni udongo wa majiko. Ule wa nyungu bado uko mtoni."

Mwalimu akajibu kwa sauti ile ile tuliyoijua. "Mwanzo wa mwezi ama mwisho?"

"Mwisho. Na uje na ngata, kwa sababu utaibeba mwenyewe, kichwani. Utatoka nayo hapa, na utapitia langoni kwa shule, saa ile watu wapo."

Mwalimu akainua mkono, akagusa utosi wake, pale ambapo ngata hukaa chini ya mzigo, na ambapo yeye hakuwa ameweka kitu tangu siku alipopata cheti cha ualimu.

"Nitapita," akasema.